Mkono wa Maganga

Usiku ule nililala na hasira, na hasira si mto mzuri wa kulalia. Picha ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeiegemeza ukutani chumbani, kubwa kama mlango, na asubuhi meneja wa shamba la mkonge angekuja kuichukua akaitundike ukumbini kwa ajili ya sherehe yao. Aliniagiza nichore wafanyakazi wa zamani wa korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi. Nikawachora. Mbele kabisa nilimweka rafiki yangu Maganga, marehemu sasa, na mkono wake wa kulia unaoishia kwenye kiwiko, kwa sababu kilichokuwa chini ya kiwiko kilichukuliwa na korona ile ile mbele ya macho yangu. Meneja alipopita kuitazama alikunja uso. Akasema wageni hawawezi kula pilau huku wanatazama kigutu, nimpe mzee wa watu mkono wake. Nikampa. Nilichora vidole vizuri kabisa, na kila kidole kilinichoma roho.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nimesimama kwenye uwanja wa kambi yetu ya zamani, jua la mchana linawaka, na watu wamekaa mikekani kama wako matangani. Nauliza nani amekufa. Kisha mtu anatokea nyuma ya nyumba, anaburuta mguu wa kushoto kama ninavyouburuta mimi tangu magoti yaanze kuniuma. Amevaa koti langu la kaki na kofia yangu, na sikioni amechomeka brashi yangu. Ni Maganga. Mkono mmoja wa koti unaning'inia mtupu.

Asiyetujua ataona ajabu. Mimi ni Mzaramo, Maganga alikuwa Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Msibani, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, watu wakacheka katikati ya kilio, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Alipokufa Maganga kazi hiyo niliifanya mimi. Sasa marehemu alikuwa ananiiga mimi niliye hai, na nasema kweli, nilikasirika.

Alianza na reli, nilikokimbilia baada ya kuacha mkonge. Uwanja ukawa stesheni. Maganga ni mimi, gadi wa treni, anapunga bendera ya kijani kwa majivuno na treni yenyewe haiondoki. Watu wa mikekani wanacheka. Stesheni ikawa jiko la shule ya bweni, na yeye ni mimi mpishi, anaonja maharage mpaka yanapungua sufuriani. Jiko likawa zahanati, na yeye ni mimi dresa, anafunga kidonda cha mtu huku amegeuza uso pembeni. Halafu tukawa kwenye ofisi nilikostaafia utarishi. Maganga anapita na bahasha, anainama mbele ya kila mlango, hata uliofungwa. Nikamwambia aache. Nikamwambia kazi hizo ndizo zilizolea watoto wangu, na mtu kuhangaika huku na huku si dhambi. Akainama tena, chini zaidi.

Mlango wa mwisho ulipofunguka tulikuwa chumbani kwangu, na wale watu hawapo tena. Maganga amekaa kwenye kigoda changu mbele ya picha. Anachora kwa mkono wa kushoto, ametoa ulimi nje, jicho moja amelifumba, kama ninavyofanya mimi tangu niliposhika rangi baada ya kustaafu na mke wangu akasema uzee umenipanda kichwani. Anapaka kidogo, anageuka, anamwinamia mtu asiyeonekana. Anasema ndiyo mheshimiwa, kwa sauti yangu. Hapo damu ikanichemka.

"Toka kwenye kigoda changu," nikamwambia.

"Mzaramo," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Msibani uliniiga bila mkono. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Leo unanionea haya?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba aliyekufa hajui shida za walio hai. Kama ningekataa, picha isingetundikwa kabisa, na yeye na wenzake wangesahaulika. Afadhali aonekane mzima kuliko asionekane.

Akasimama. Haigi tena. Nimewahi kumwona Maganga amekasirika mara moja tu, siku walipomwambia aende zake, hapana kazi ya mtu wa mkono mmoja pale koronani, na uso wake ulikuwa huu huu.

"Ukinipa mkono, nipe na kazi waliyoninyang'anya," akasema. "Mwanangu aliyeacha shule, mrudishe darasani. Huwezi. Basi uache mkono wangu ulikobaki."

Nikataka kumshika koti, na nikajikuta nimeshika shuka. Mke wangu alikuwa ananitikisa bega, anauliza nagombana na nani. Nikamwambia na Maganga. Akauliza kama nimemshinda. Nikasema amenishinda yeye. Akainuka kuniwashia taa.

Nilikuwa bado na hasira, ila haikuwa hasira ya Maganga tena. Niliufunika ule mkono kwa rangi mpaka kikabaki kigutu. Kisha nikaigeukia korona niliyoichora nyuma yake, safi, inang'aa kama sahani ya wageni. Mdomoni mwake nikauchora mkono, vidole vimeachana, na nyuzi zinazotoka upande wa pili nikazitia wekundu. Kukikucha meneja atakuja. Akitaka mkono uondolewe pale, atashika brashi yeye mwenyewe.