Nakala ya Baba Dogo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, majina ya watoto wote waliozaliwa katika kliniki yetu ya Huruma kwa miezi kumi na moja yaliteketea kabla chai haijapoa. Moto ulitoka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ghorofa ya chini yetu. Akina mama tuliwashusha wote wakiwa hai. Kompyuta hatukuiwahi. Mmoja wa watoto hao ni Nafula, yule binti unayemwona akipita kwangu na bahasha mkononi.

Nilikuwa karani, kijana mwenye maneno mengi. Mimi ndiye niliyemshawishi Sista Mwende, mkunga mkuu, tuache daftari. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Nikaitia Linux, mfumo wa bure usiolemea mashine za zamani, ikachangamka. Nakala ya majina niliiweka kwenye diski ndani ya droo.

Mzee Musyoka, karani mstaafu wa reli, alimleta binti yake kujifungua, akaiona ile droo.

"Wewe kijana, nyumba ikiungua, droo itakimbia?"

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Nikamwomba, akanikubalia niweke kompyuta ya pili nyumbani kwake, mtaa wa Baba Dogo. Nikaandika amri fupi: kila siku saa saba mchana, wakati sina kazi, mashine ya Huruma itume majina mapya huko kupitia mtandao, bila mtu kuigusa. Nikaijaribu kwa mkono wangu mara moja. Ikafika. Nikajiona fundi.

Kila tulipokutana, mzee aliniuliza kama nimeifungua ile nakala nikaisoma. Nilimjibu kwamba inajipeleka yenyewe. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, unajua huvunjika nini.

Siku ya moto nilitembea hadi Baba Dogo, nguo zikinuka moshi, Sista Mwende nyuma yangu. Nikafungua. Yalikuwepo majina ya hadi siku ile niliyojaribu. Baada ya hapo, hakuna hata moja.

Sista akauliza mashine ilikuwa ikituma saa ngapi. Nikamwambia.

"Saa saba mimi huzima swichi ya ukutani ya kompyuta nikienda kula," akasema. "Stima ni ghali. Hukuniambia."

Sikumwambia. Na swichi ile aliizima kila siku mbele ya macho yangu, nami nikishuka kununua githeri.

Akiba haiozi, walisema wahenga; yangu haikuwahi kuwekwa. Kwa hiyo nakuambia: nakala ikae mbali na nyumba, na ijitume yenyewe, maana binadamu husahau. Lakini waambie unaofanya kazi nao saa yake. Kila wiki ifungue, utafute jina la jana. Usipoliona, acha kila kitu hadi ujue kwa nini. Mashine iliyozimwa haitumi, wala haikulalamikii. Na daftari usilitupe.

Mungu aitunze kazi ya mikono yako, akuepushe na kisa cha kusimulia kama changu.

Mama yake Nafula alikuwa hajachukua karatasi ya kupeleka kwa msajili, na sasa ni marehemu. Binti amefika umri wa kitambulisho. Kila ofisi inataka ushahidi wa alikozaliwa. Nimeziandikia ofisi hizo barua tatu kwa niaba yake. Jana alipita kuuliza kama kuna jibu.