Birika Kwenye Ngazi ya Boti

Jua halijapanda juu ya mapaa ya Malindi, Unguja, na tayari foleni ya abiria wa boti ya Dar es Salaam imejipinda ndani ya geti la bandari. Wachukuzi wanasukuma mikokoteni ya mabegi na maboksi yaliyofungwa kamba. Kijana mmoja anaagana na mama yake kwa kumpungia mkono kwa mbali, jambo ambalo kabla ya korona lingehesabiwa utovu wa adabu.

Chini ya ngazi ya kupandia botini amesimama mwanamke ameshika birika.

Ni birika lenye mdomo mrefu, kama lile linalopitishwa kwa wageni kabla ya sinia la pilau kuwekwa mkekani. Pembeni yake kuna beseni, sabuni na mapipa ya maji. Anayefika mbele yake anaweka begi chini, anapandisha mikono ya kanzu au ya buibui, ananyoosha viganja. Maji yanamiminika. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Mwandishi wa makala haya amesimama pale kwa makusudi, akisubiri amuone mtu wa kwanza atakayepita bila kunawa. Amesubiri mpaka miguu imechoka. Wamepita wafanyabiashara wenye haraka zao, wamepita vijana wenye spika za masikioni, amepita bwana mmoja mnene aliyekuwa akigombana na mtu kwenye simu. Wote wamenawa, na yule bwana amenawa huku simu ameibana kwa bega, akiendelea kugombana.

"Bomba unaweza kulipita," anasema mwenye birika bila kuinua macho. "Mtu aliyekushikia birika humpiti. Utampitaje? Mama yako atasema alikulea vipi?"

Huyo ndiye Bi Sichana Matar, mkaazi wa Mwembetanga, mhudumu wa abiria kwenye boti kwa zaidi ya miaka kumi. Kabla ya ugonjwa, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti, kugawa mifuko bahari ikichafuka, kufuta sakafu na kuwabembeleza watoto wa watu. Korona ilipoingia, mamia ya abiria walikuwa bado wanakaa bega kwa bega kwa saa mbili, na baadhi ya wenzake waliondoka kazini kwa hofu. Yeye akabaki. Anasema hakubaki kwa ushujaa. Alibaki kwa sababu watu walikuwa lazima wavuke, na kuna mmoja ambaye asingeweza kumwacha.

Mmoja huyo ni Mzee Haroub, fundi wa chokaa ambaye mikono yake imezikarabati nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Nyumba ambazo watalii wanasimama kuzipiga picha, nyingine zimesimama kwa sababu yeye alipanda juu ya jukwaa la miti akazifunga nyufa. Sasa ana saratani. Kila baada ya wiki kadhaa huvuka kwenda Dar es Salaam kutiwa dawa kwa dripu, na daktari alimweleza bintiye, Nadra, kwamba dawa ile hupigana na maradhi lakini huuacha mwili hauna kinga. Akikosa dawa, saratani itamwahi. Akipata korona kwa jirani wa kiti, nayo itamwahi. Katikati ya hatari hizo mbili kuna boti, na ndani ya boti yuko Bi Sichana.

"Nadra alinivuta pembeni hapa hapa bandarini," anakumbuka. "Akanambia, Bi Sichana, mie kazi nnayo na watoto nnao, lakini kila safari ntakuja naye. Humo botini sijui pa kumficha. Baba nakukabidhi weye."

Maneno hayo yalimlemea. Wakati huo kulikuwa na bomba na sabuni karibu na geti, na tangazo kubwa lenye picha ya mikono. Abiria walilipita wakikimbilia viti vya dirishani. Barakoa walizivaa kupitia geti, kisha zikashuka kidevuni. Bi Sichana aliwasema, akawabembeleza, wengine wakamjibu kwamba siku ya mtu kufa imeshaandikwa.

Hapo ndipo alipokumbuka mrashi.

Mtaani kwao Bi Sichana anajulikana kwa hilo. Kwenye maulidi na harusi, yeye ndiye anayeitwa kupita na mrashi, kile chombo cha fedha chenye shingo ndefu na matundu madogo kichwani, akiwanyunyizia wageni marashi viganjani. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Na botini, kabla ya kung'oa nanga, baharia mmoja husoma dua ya safari kwenye kipaza sauti, na abiria wote huinua viganja. Bi Sichana akaona jambo ambalo wakubwa wake hawakuliona: kila asubuhi, kwa muda wa dua, mamia ya mikono ilikuwa wazi, imetulia, inasubiri kitu.

Akaomba ruhusa kwa Kapteni Abdulwahid, akajaza mrashi kitakasa mikono, akaingia ukumbini wakati dua imeanza. Alianzia kwa Mzee Haroub, aliyekaa mbele, kwa kumpa heshima yake. Akapita safu kwa safu. Hakuna mkono uliomkataa. Anasema moyo wake ulijaa, maana kwa mara ya kwanza aliona ukumbi mzima umesafishwa mikono bila ugomvi.

Kisha dua ikafika mwisho, watu wakasema Amin, na ukumbi mzima ukajipangusa uso.

Kwa msomaji asiyetoka pwani, pengine inafaa kueleza. Dua ikimalizika, viganja hupitishwa usoni. Na mtu akinyunyiziwa kitu kwa mrashi, mahali pake ni usoni na nguoni. Bi Sichana alikuwa amewawekea watu spiriti viganjani kwa chombo cha marashi, katikati ya dua. Hata yeye mwenyewe, anakiri, angejipaka.

Ilikuwa vurugu. Watu walisimama macho wameyafumba, wakigongana kutafuta maji. Wengine walilalamika kwamba wametiwa kileo usoni na sasa watasali vipi. Mzee Haroub alibaki kwenye kiti chake, machozi yanamtiririka juu ya barakoa, na Nadra anammwagia maji ya chupa kwa hasira. Kapteni Abdulwahid alishuka kutoka juu, akamnyang'anya Bi Sichana mrashi, akamwambia akae chini asiguse abiria mpaka Dar. Siku ile alijua kazi imekwisha.

Bi Sichana anasema alikaa kwenye ngazi ya ndani na mfuko wa kutapikia mkononi, ingawa bahari ilikuwa shwari. Kilichomuuma si kazi. Mzee aliyekabidhiwa, wa kwanza kumuumiza alikuwa yeye.

Karibu na kufika, Mzee Haroub alimwita. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bi Sichana," alimwambia, "mara nyengine nitilie marashi, si petroli."

Nadra, ambaye anatuhadithia sehemu hii, anasema alitaka kubaki na hasira yake lakini kicheko kilimshinda. Kapteni naye alipohadithiwa alicheka, na mtu akishacheka ni tabu tena kumfukuza mwenzake. Mrashi ukarudishwa, kwa sharti moja, kwamba ndani yake yaingie marashi matupu.

Usiku ule Bi Sichana hakufikiria kitakasa mikono. Alifikiria shughuli za watu. Mgeni haanzi na marashi, kwanza hunawishwa, ndipo akala, ndipo akatiwa marashi. Yeye alikuwa ameanzia mwisho. Asubuhi iliyofuata alisimama chini ya ngazi na birika la nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huo. Chini ya ngazi, maji na sabuni. Ndani, dua na marashi ya kweli, kwenye mikono ambayo sasa ni safi, kwa hivyo ikipita usoni haina neno. Na kuna jambo la tatu ambalo Bi Sichana analieleza kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya upishi: asiyevaa barakoa anamruka.

Hamkemei. Mrashi unapita kwa jirani wa kulia, unakwenda kwa jirani wa kushoto, na viganja vya katikati vinabaki vikavu mbele ya watu. Kwenye maulidi, kurukwa na mrashi ni fedheha ambayo mtu huizungumza mwaka mzima. Asubuhi ya leo tumeiona kwa macho yetu. Yule bwana mnene wa simu alirukwa. Alitazama viganja vyake, akatazama kulia na kushoto, kisha akaanza kujipekua mifuko yote ya koti mpaka barakoa ikapatikana. Bi Sichana akarudi, akamnyunyizia mara mbili, na bwana yule akashukuru kwa unyenyekevu mkubwa.

Kusema kweli, kalamu ilisimama. Mwandishi huyu amehudhuria mikutano mingi ya kuelimisha umma, na hajapata kuona umma ukielimika kwa upole namna ile.

Kapteni Abdulwahid anasema watu wa afya bandarini walipokuja kuangalia, walichopenda zaidi ni urefu wa vyombo. Mdomo wa birika ni mrefu na shingo ya mrashi ni ndefu, kwa hivyo mhudumu anamfikia abiria bila kumkaribia. Walimshauri tu aongeze barakoa yake iwe mbili na madirisha ya ukumbi yabaki wazi hata kama abiria watalalamika upepo. Abiria wanalalamika. Madirisha yako wazi.

Lakini usalama wa abiria haukumkinga mhudumu. Katikati ya mwaka huu, siku mbili baada ya kumnawisha Mzee Haroub, Bi Sichana alishikwa na homa, kisha kifua kikabana. Alijitenga chumba cha uani, mumewe akimwekea chakula mlangoni na kuondoka.

"Watu walidhani naogopa kufa," anasema. Anapangusa birika ambalo halina vumbi. "Mie nlikuwa namuona yule mzee. Naiona mikono yake, na maji yangu yanaimwagikia. Nkawa nasema, nshamuua. Nshamuua kwa birika langu mwenyewe. Simu ya Nadra nilikuwa siwezi kuipiga."

Wiki mbili zilipita hivyo. Kisha Nadra mwenyewe akapiga. Bi Sichana anasema aliiacha simu iite mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea. Upande wa pili Nadra alimwambia kwamba baba yake mzima, hana hata mafua, na anauliza nani alimruhusu Bi Sichana kuumwa.

Nani anaweza kuthibitisha nini kilimkinga mzee yule? Pengine barakoa, pengine upepo wa dirishani, pengine ile shingo ndefu ya birika. Bi Sichana anasema ni Mungu, na birika lilikuwa sababu tu. Mumewe alimsihi asirudi botini. Alirudi mara tu kifua kilipofunguka.

Leo Mzee Haroub anavuka kwa dozi yake ya mwisho. Amekaa sehemu ya nyuma iliyo wazi, na viti vya pembeni yake vimefungwa kanga ya Bi Sichana ili asikae mtu. Amekonda, kofia imekuwa kubwa kwake, lakini maneno hayajapungua. Ameshamwambia Bi Sichana kwamba ile sehemu ya chini ya ngazi kule Malindi inataka karo la mawe la kunawia, la kudumu, lenye mfereji wa kupeleka maji, na kwamba nguvu zikirudi ataomba ruhusa alijenge mwenyewe kwa chokaa. Hiyo ndiyo ndoto ya Bi Sichana pia. Hataki birika lirudi kabatini siku korona itakapoondoka, maana abiria watabaki kuwa abiria, na kikohozi hakitaisha duniani.

Boti inafunga gati Dar es Salaam. Bi Sichana anashuka wa kwanza na birika lake, ananawisha watu wanaotoka. Mzee Haroub, kama kawaida yake, anangoja umati uishe. Anashuka pole pole, Nadra nyuma yake. Ananawa. Halafu haondoki.

"Nipe hilo birika," anasema.

Bi Sichana anampa, akidhani anataka kulitazama. Mzee anamkabidhi Nadra bakora yake ya kutembelea, anashika birika kwa mikono miwili.

"Leta mikono yako."

Bi Sichana anarudi nyuma. Hilo halifanyiki. Mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, hata mtoto wa Unguja analijua.

"Mzee Haroub, haifai. Mie ndo mdogo."

"Watu wote hawa umewanawisha weye," anasema mzee. "Weye nani kakunawisha?"

Bi Sichana anamtazama Nadra kuomba msaada. Nadra anatazama bahari. Mabaharia walioshika kamba wamesimama, na Kapteni Abdulwahid, juu kule, amevua kofia bila kujijua.

Mwishowe ananyoosha viganja. Maji mengine yanaingia ndani ya mkono wa buibui, lakini mzee anaendelea kumimina mpaka birika limekwisha. Bi Sichana analia waziwazi, na mwandishi wa makala haya hana haki ya kumcheka.

"Dokta akikwambia umepona," Bi Sichana anamwambia mzee, "siku hiyo ntakuamkia kwa mkono. Nna miaka miwili sijamshika mkono mkubwa wangu nikaubusu."

"Basi uweke msafi," anajibu Mzee Haroub.

Analiweka birika chini, anachukua bakora yake na kuelekea kwenye teksi, Nadra amemshika kiwiko. Bi Sichana anasimama kidogo, mikono yake bado inadondosha maji. Kisha anaokota birika na kwenda kulijaza, kwa sababu abiria wa kurudi Unguja wameshaanza kupanga foleni.