Twiga Ambao Hawakuwapo

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na mjini kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Fundi Bila Futi. Futi humning'inia shingoni kama pambo tu. Mteja akiingia, shemeji humtazama kuanzia mabegani hadi visiginoni, humwambia ageuke, basi, yamekwisha. Suruali ikitoka inamkaa utadhani alizaliwa nayo. Hata suti yangu ya harusi aliishona bila kunigusa. Alinitazama tu akasema, "Bega lako la kushoto limeshuka, shemeji. Ni kwa kubeba uongo."

Mwaka jana mambo yakaanza kwenda mrama. Mwalimu mmoja alirudisha suruali yenye mguu mmoja mfupi, akaambiwa ndivyo anavyosimama. Bwana harusi akapewa koti lisilofunga, akaambiwa amenenepa kwa furaha. Watu walicheka, kisha wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, hakucheka. Alikuwa amemkuta mchana kweupe akipapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Akamsihi aende kwa daktari wa macho. Shemeji aliwaka. "Nikionekana kwenye foleni ile, nani ataniletea tena kitambaa chake? Naona vizuri mimi!"

Basi dada akabuni njia yake. Mwanamke ambaye zamani ungemtoa neno kwa koleo, sasa alikuwa akitangaza nyumba nzima. "Nani kaacha ndoo hapa mlangoni?" "Hii ngazi itatuua siku moja." "Chai yako iko kulia, mzee, ni ya moto." Shemeji alipita katikati ya maneno yale bila kujikwaa, na mbele za watu alilalamika kwamba uzee umemfungua mkewe mdomo.

Safari ilikuwa wazo la dada. Kuna hifadhi ya wanyama, siku moja kwa gari kwenda na kurudi, yenye chemchemi za maji moto, na moja kubwa hufoka juu kuliko paa la nyumba. Shemeji alimwahidi kumpeleka huko tangu uchumba wao. "Nataka azione," dada aliniambia jikoni, akikata vitunguu ili apate kisingizio cha machozi. "Nimeenda mwenyewe kwa daktari, nikamweleza. Anasema jicho moja huenda likaokolewa akiwahi. Akichelewa, yote mawili yamekwenda. Huyu mtu hataki kusikia. Basi angalau aone kitu." Nikakubali kuendesha.

Tukaondoka alfajiri, shemeji pembeni yangu, nyuma dada na mjukuu wao wa kike, mtoto asiyeishiwa maswali. Pundamilia walipotokea, mtoto alipiga kelele, na shemeji akaitikia papo hapo, "Nimewaona! Mistari yao haijapigwa pasi." Nilicheka peke yangu. Mbele kidogo tukaingia kwenye uwanda wa nyasi tupu, na dada akasema kwa sauti ya juu kuliko kawaida:

"Mzee, tazama twiga wale, kando ya barabara."

Hapakuwa na twiga. Hapakuwa na hata mbuzi. Mtoto alifungua mdomo, dada akamwekea kidole midomoni.

"Naam," shemeji akasema, uso kaupeleka dirishani. "Watatu. Wamependeza kweli."

Kwenye kioo nilimwona dada akijifunika macho kwa kiganja. Nilipandwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Kule chemchemini mwongoza wageni alituonya tusivuke mawe yaliyopakwa chokaa, kwa kuwa ng'ambo yake ardhi ni ganda jembamba na chini maji yanatokota. Mvuke ulitanda, unanuka kama yai viza. Shemeji alitembea vizuri kabisa, maana dada alikuwa nyuma yake, haishiwi maneno: "Jamani mawe haya, yako kushoto tu. Sasa njia inapinda. Hapa pana utelezi." Mjukuu alitaka kumshika mkono, akaukataa. "Babu yako si mgonjwa."

Kisha ile chemchemi kubwa ikafoka. Nilikuwa nimesimuliwa habari za maji yake, lakini hakuna aliyenisimulia ngurumo. Tuliisikia hadi tumboni. Nilimwona dada mdomo unakwenda, mkono kaunyoosha, na sikusikia hata neno moja. Shemeji alisimama. Akageuza kichwa huku na huku, akitafuta. Akapiga hatua, akavuka mawe, na mguu wake wa kulia ukazama hadi kifundoni.

Nilimkamata kwa ukosi wa shati nikamvuta. Mwongoza wageni akammwagia maji baridi mguuni kwa muda mrefu, akatuambia zahanati iko langoni. Malengelenge yalikuwa yameshaanza. "Mzee, mawe yote haya hukuyaona?" akauliza kwa ukali.

Garini shemeji alikaa nyuma, mguu juu ya mapaja ya dada, na mtoto akahamia mbele kwangu. Dada alikuwa kimya. Alikuwa hajanyamaza namna ile tangu mwaka jana.

"Mama watoto," shemeji akasema. "Sema basi. Tumefika wapi?"

Dada akatazama nje ya dirisha.

"Mimi nafuata sauti yako. Ilipopotea sikujua niende wapi."

"Kumbe ulijua," dada akasema.

"Wewe, bahili wa maneno, leo unaongea na ndoo? Nilijua." Akavuta pumzi. "Na wale twiga hawakuwapo."

"Hawakuwapo."

"Sauti yako ilitetemeka. Nikasema watatu ili usilie."

Hapo ndipo dada alipolia kwa sauti, bila kujificha. "Niache nilie! Wewe sema tu. Sema mbele yao."

Ilimchukua muda, mtu aliyeupima mji mzima kwa jicho. "Sioni," akasema. "La kushoto ni giza. La kulia ni ukungu. Nipelekeni kwa daktari."

Karibu na lango nilikanyaga breki.

"Kuna nini?" shemeji akauliza.

"Twiga," dada akasema. "Kasimama kando ya barabara."

"Wa kweli?"

"Wa kweli, mume wangu."

Shemeji akageukia dirisha la kushoto, akakodoa macho. Twiga alikuwa kulia. Dada akamshika kidevu, taratibu, akamgeuza.