Jina la Mke Kwenye Faili ya Baba

Baba aliendesha malori ya serikali hapa Thika zaidi ya miaka thelathini. Alipofariki, mama alidhani kilichobaki ni kupeleka vyeti ofisini na kusubiri malipo ya mjane. Nilimsindikiza. Karani alifungua faili, akamwangalia mama, akasoma tena.

"Mama, mke aliyeandikwa hapa si wewe."

Lilikuwa jina la mke wa kwanza wa baba, aliyerudi kwao Ngoliba kabla sijazaliwa. Baba aliijaza fomu alipoajiriwa, na hakuibadilisha tena. Karani alitueleza kwa upole kwamba tulete barua ya chifu yenye majina ya wake wote na watoto wote, na huyo mke wa kwanza aende mwenyewe kwa chifu kuithibitisha. La sivyo, faili haisongi.

Nyumbani Makongeni, mama hakula siku hiyo. Jumamosi tukaenda Ngoliba.

Tulimkuta uani akipepeta ndengu. Nadhani alinitambua kwa sura ya baba. Hakusimama. Mama alieleza shida yake yote pale juani, na ungo haukuacha kupanda na kushuka. Niliogopa atatufukuza. Niliogopa zaidi atasema yeye ndiye mjane, maana karatasi ilikuwa upande wake.

Mwishowe akauliza swali moja tu. "Alipokuwa mgonjwa, ni nani alikuwa akimuosha?"

Mama akasema ni yeye.

Akaweka ungo chini. Akatuambia hataki kitu cha mtu aliyemwacha na mtoto mchanga. "Lakini binti yangu ni damu yake. Msipomwandika, siji."

Niligeuka kumtazama mama. Hatukujua kuna mtoto. Baba hakuwahi kumtaja, na mama alilazimika kulimeza hilo palepale, mbele ya mwanamke mwenzake. Akauliza binti anaitwa nani, akaniambia niandike. Nikaandika nyuma ya bahasha, kwenye orodha ya watoto, juu ya jina langu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

Jumanne yule mke wa kwanza alifika kwa chifu na kitambulisho chake, akatia sahihi, akaondoka bila kunywa chai.

Malipo yalichukua miezi mingi kuanza. Binti yule, dada yangu, ni fundi wa nguo huko Kiuu. Siku ya kwanza kukutana tuliongea habari za cherehani tu, kwa sababu hakuna aliyejua tuanzie wapi kuhusu baba.