Mlango wa Bafu Kule Uthiru

Nimejenga maghorofa Ngara na nyumba za watu wazito, lakini ukitaka kuona kazi yangu bora nitakupeleka Uthiru nikuonyeshe mlango wa bafu. Cheka kwanza, ukimaliza nikueleze.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwenye ploti moja huko. Safu mbili za vyumba zilitazamana, na mwisho wa ua palikuwa na choo na bafu, milango ikitazama kila mtu. Jirani yangu, fundi cherehani, alishonea mlangoni pake tangu asubuhi hadi jioni. Mkewe alipojifungua kwa upasuaji, mama yake akaja kutoka magharibi kumsaidia.

Kwao mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, basi tukampa chumba chetu kimoja. Hilo lilikuwa rahisi. Bafu ndilo lililotushinda. Angetokaje na leso imelowa, akutane na mkwe uso kwa uso? Akaacha kunywa chai, akaacha na maji, ili asisumbuke kwenda chooni mchana. Hatimaye akamwambia mke wangu kuwa anarudi kwao, na binti yake bado hawezi hata kuinama kumwogesha mtoto.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikabeba mabati nikayasimamishe mbele ya ile milango siku hiyo hiyo. Mama akaniita kwa upole.

"Baba, hiyo mabati itaambia watu kuna mtu amejificha. Mimi nataka nipite tu, mtu asijue naenda wapi."

Nikaweka mabati chini, nikamwomba anionyeshe. Tukazunguka ukuta wa bafu pamoja hadi nyuma, penye mfereji na kamba za nguo. Mwanamke akielekea huko, huenda anaanika, huenda anateka maji, nani ajue? Hapo ndipo alipotaka milango iwe.

Nilipoanza kubomoa, mwenye ploti akaja mbio akifoka.

"Nani amekuambia uguse choo yangu? Mlango iko hapo ndio niione nikiwa kwa geti!"

"Mzee, ukiwa kwa geti unataka kuona nini?"

Akasema tu kwamba ukuta ukianguka atajuana na mimi, akaenda zake.

Fundi cherehani alifunika mashine yake akaja kukoroga simiti, macho chini. Yeye pia alikuwa ameteseka kwa aibu hiyo, maskini. Niliziba milango ya zamani kwa mawe, nikafungua mipya nyuma, nikatia komeo kwa ndani na msumari mnene wa kutundika leso. Huo nilimwachia mama apime kwa mkono wake pa kuupigilia.

Mama hakurudi kwao. Adhuhuri moja mwenye ploti alikuja kukagua, nami nikamfuata hadi nyuma, kichwa kimenivimba kwa fahari. Tukamkuta mama ametoka kuoga, amekaa kwenye jua, miguu kainyoosha, anajipaka mafuta, mjukuu mapajani. Hakushtuka wala hakuinuka.

"Karibu, mzee," akamwambia. "Usiogope, pita ukae na sisi."

Mzee akavua kofia, kwenye ploti yake mwenyewe.