Fimbo ya Ndikumana

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mama Esperansia ni mguu wake wa kulia. Alikuwa ameutoa kwenye kandambili chini ya meza ya ofisi ya parokia, na kila alipopiga chapa mguu ulidunda sakafuni, mapigo manne manne, kana kwamba hata tangazo la msiba ni wimbo. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, na mguu haukusimama.

Mimi nimemaliza chuo kikuu mwaka huu wa 2007 na nipo Ntobeye, nikisaidia ofisini hapa huku nikisubiri ajira. Yeye ni Mhangaza wa hapa hapa, katibu wa parokia kwa miaka ishirini. Wakimbizi wa Burundi walipojaa katika kambi ya Lukole, alianza kwenda huko kila Jumamosi kwa baiskeli kuimba alto katika kwaya yao.

"Kwaya yetu huku ilikuwa imesinzia," aliniambia. "Wale walikuwa wamepoteza kila kitu, lakini sauti walikuja nazo."

Mwalimu wa kwaya hiyo aliitwa Ndikumana. Mwaka 1999 kijana mmoja wa shirika la misaada alirekodi nyimbo zao sita, kila sauti peke yake, akaziweka kwenye sidii ya kujifunzia. Ukibofya picha ya mwimbaji kwenye kompyuta, sauti yake inanyamaza, nawe unaimba mahali pake. Besi iliimbwa na Ndikumana mwenyewe. Miaka mitatu baadaye alifariki kambini.

Jumatatu iliyopita mjane wake, Anjelika, aliingia ofisini na sidii hiyo ameifunga ndani ya kitenge. Jina lake limo katika msafara wa kurudi Burundi, Jumanne ijayo.

"Dada, kaburi nitaliacha hapa," alisema. "Sauti siiachi."

Kompyuta ya ofisi ni mpya, na programu ya sidii ile ilitengenezwa kwa kompyuta za zamani. Kila tulipoifungua, kioo kiligeuka cheusi, kisha kikarudi kama kilivyokuwa. Nilijaribu, nikatangaza kwamba haiwezekani.

"Msomi, umeshindwa kwa dakika tano?" Esperansia alinisukuma kwa nyonga nikatoka kwenye kiti. "Barua moja ya askofu huwa inanichukua siku mbili!"

Hakuhangaika tena na programu. Aliifungua sidii yenyewe kama mtu anayefungua kabati la watu, akakagua mafaili yaliyomo, moja moja. Mengi yalikuwa madogo. Machache yalikuwa makubwa mno, yana namba tupu badala ya majina, na herufi za mwisho ambazo kompyuta haikuzitambua. Akayahesabu. Ishirini na manne.

Mguu ukaanza kudunda.

"Nyimbo sita, sauti nne," alisema. "Ni sisi hawa."

Alinakili faili la kwanza, akafuta zile herufi za mwisho na kuandika za mafaili ya kawaida ya muziki. Akabofya. Wanawake wakaanza kuimba kwa Kirundi, wazi kabisa, kana kwamba wako uani. Esperansia aliziba mdomo kwa mkono.

"Anayekohoa hapo ni mimi," alisema.

Kwa siku tatu alizitambua sauti kwa sikio na kuzipa majina. Kisha, kwa usafi wake wa kikatibu, akazifagia nakala zake: akaondoa ngurumo ya jenereta, kikohozi, na kila kilichogongagonga kabla ya wimbo kuanza.

Jana Anjelika alirudi na mzee Leonidasi, ambaye naye aliimba besi lakini siku ya kurekodi aliugua malaria.

"Malaria ya pombe ya rubisi," Anjelika alinong'ona.

Esperansia alizipiga sauti zote nne pamoja. Zilikuwa vurugu tupu, kila moja ikiingia kwa wakati wake.

"Hii si kwaya, ni gulio!" Leonidasi alicheka. Anjelika hakucheka. Alikuwa ameanza kukikunja kitenge chake. Ndipo mzee akauliza, "Kwani fimbo iko wapi?"

Ndikumana hakuwahi kuanzisha wimbo bila kugonga benchi mara tatu kwa fimbo. Hata siku ya kurekodi aligonga kabla ya kila sauti, ili zije kukutana. Esperansia alishika kichwa.

"Nimeifuta. Nilidhani ni uchafu."

"Umemfuta mwalimu!"

"Kwenye nakala tu, mzee. Kwenye sidii bado anagonga."

Alianza upya. Alizipanga sauti zote kwa pigo la tatu, akabofya. Fimbo ikagonga mara tatu, sauti zikaingia pamoja, na chini yake besi nzito, isiyo na haraka. Anjelika alisikiliza hadi mwisho.

"Hapo kati alikuwa anachelewa kila siku," alisema taratibu. "Ukizinyamazisha hizo nyingine tatu?"

"Anabaki peke yake."

"Zinyamazishe. Sisi bado tupo."

"Na mimi niimbe nini?" Leonidasi alilalamika.

"Wewe una malaria," wakamjibu wanawake wote wawili.

Leo ni Jumamosi. Nyimbo tumezihamishia kwenye kaseti mbili. Kaseti ya nyimbo kamili imo tayari kwenye mzigo wa Anjelika, kwa ajili ya redio yake. Ya pili, yenye besi peke yake, imerudishwa mwanzo na ipo mezani kwa Esperansia. Waimbaji waliobaki Lukole wametuma habari kwamba watakuja kwa miguu. Kesho saa tatu, kwenye misa, watajipanga mbele ya altare, Anjelika katikati. Esperansia atabonyeza kitufe cha redio ya kaseti, arudi mbio mahali pake kwenye alto, na kanisa zima litasubiri fimbo igonge.