Zamu ya Tauno

Miaka thelathini, kila kipupwe, Tauno alichota maji kwenye tundu la barafu ziwani, akajaza pipa kubwa la mbao la kuogea la tajiri wake, Rautio, akayapasha moto kwa jiko la kuni lililomo ndani ya pipa. Kuingia mwenyewe? Thubutu!

Siku Tauno alipostaafu, Rautio akamwambia mbele ya wageni, "Haya bwana, leo zamu yako. Kaoge kwanza sauna, kwenye kibanda cha mvuke, usije ukatuchafulia."

Tauno akaoga, akatoka uchi, baridi ikimng'ata masikio. Pipa tupu! Wageni wanacheka mpaka machozi.

"Si ulitufundisha mwenyewe?" akasema Rautio. "Tukishaoga, maji yamwagwe, yasigande yakapasua mbao."

Tauno, uchi vilevile, akashika ufagio, akaanza kuyafagia maji yaliyobaki ndani ya pipa kabla hayajaganda.